UZI: Viwango vya nishati mimea vinaombewa maoni ya umma, sisi tunaotoa ardhi maoni yetu tunayapeleka wapi?

Kijana wa Mlandizi (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Najua humu watu mnapenda nyuzi za siasa na mpira ila hii ni ya ardhi na mafuta, ni ndefu kidogo, naomba mnivumilie.

Kuna hivi viwango vya uendelevu vya nishati mimea, yani masharti ambayo kampuni inayolima mibono (jatropha), nyonyo, miwa au michikichi kwa ajili ya mafuta ya magari na ndege inatakiwa iyatimize ndo ipewe cheti, na bila cheti mafuta yake kule Ulaya hayahesabiki kwenye malengo ya nchi kwahiyo soko linakua hamna. Vingi havipitishwi na bunge lolote. Inaandikwa rasimu, inawekwa wazi, umma unapewa muda wa kutoa maoni, watu wanakaa wanachambua alafu linatoka toleo jingine.

Mfano mkubwa ni ule ulioanzia Lausanne, Uswisi, mwaka 2007 pale chuo cha EPFL, unaitwa Roundtable on Sustainable Biofuels, RSB kwa kifupi (2013 wakaongeza na malighafi nyingine za mimea, herufi zikabaki zilezile). Walikalisha pamoja kampuni za mafuta, watu wa mazingira, wakulima, vyama vya wafanyakazi, watafiti na serikali. Agosti 2008 wakatoa rasimu wakaiita toleo sifuri, ili mtu yeyote aone bado haijaiva na anaweza kuigusa, wakapokea maoni kwa intaneti na kwa mikutano, Novemba 2009 likatoka toleo la kwanza na Novemba 2010 la pili. Kanuni 12: kufuata sheria, kupanga kwa kushauriana, gesi joto, haki za wafanyakazi, maendeleo ya vijijini, chakula, bioanuwai, udongo, maji, hewa, teknolojia na taka, na ya 12 kabisa ni haki za ardhi.

Sasa tazameni kalenda ya huku kwetu kipindi hichohicho. Kisarawe, Sun Biofuels ya Uingereza inapewa hekta 8,211 zilizokua za vijiji 11, hati ya miaka 99, mwaka 2009. Kilwa, BioShape ya Uholanzi inachukua kama hekta 34,000 za Mavuji, Migeregere, Nainokwe na Liwiti. Bagamoyo, SEKAB ya Sweden iko kwenye ile ranchi ya RAZABA na inaitazama Rufiji kwa hamu. Yani wakati dunia inaandika maoni jinsi ya kulima mafuta kwa haki, huku mashamba yalikua yanapimwa. Na wote watatu hawapo. SEKAB iliuza biashara yake ya Afrika 2009, BioShape ilifilisika 2010, Sun Biofuels ikawekwa chini ya msimamizi wa ufilisi Agosti 2011.

Hoja yangu ndo hii hapa. Nimezisoma hizo kanuni, nyingi ni nzuri sijasema ni mbovu, lakini zimeandikwa na mtu anayewaza kampuni inaanza vipi (ridhaa, tathmini) na inaendesha vipi (maji, mishahara, hewa ukaa). Kampuni ikifa je? Kanuni ya 2 inataka uchambuzi kwamba mradi utajilipa, basi. Ardhi inaenda wapi, nani anailipa fidia iliyobaki, msitu uliofyekwa nani anaurudisha, hapo nimetafuta sharti linalombana mtu sijaliona. Na huku kwetu kilichoumiza watu zaidi ni kifo cha kampuni, sio uendeshaji wake.

Hivi viwango vinapitiwa upya kila baada ya muda na kila mara wanaomba maoni. Nataka tuandike ya kwetu humuhumu, kwa Kiswahili kwanza, rasimu inayofuata ikifunguliwa tusianze kutafutana. Karibuni.

---

NyamaYaFoili

Nakaa hapa na kahawa nasubiri wajuzi. Uzi umeshiba

---

Hesabu_Kwanza

Mkuu napingana na wewe kidogo. Unakitwisha kiwango mzigo ambao sio wake. Hiki kitu kilizaliwa kwa sababu ya gesi joto. Umoja wa Ulaya 2009 waliweka sheria kwamba ifikapo 2020 asilimia 10 ya nishati ya usafiri iwe jadidifu, watu wakaanza kufyeka misitu kupanda mafuta, ikabidi waweke masharti: mafuta ya mimea yapunguze gesi joto angalau asilimia 35 ukilinganisha na ya petroli, baadae ikapanda 50, na mitambo iliyoanza tangu 2021 ni 65. Na ardhi iliyokua msitu mnene au ardhioevu Januari 2008 huruhusiwi kuigeuza shamba. Hivyo vinapimika. Satelaiti inaona, kikokotoo kinatoa namba.

Na vinafanya kazi. Mfano Dakatcha kule Malindi, Kenya, kampuni ilitaka hekta 50,000 za mibono kwenye ule msitu. Mashirika ya mazingira yakatoa utafiti 2011, hesabu ikaonyesha mafuta yale yangetoa gesi joto mara 2.5 mpaka 6 ya mafuta ya kawaida, kwasababu unafyeka msitu na vichaka vyenye kaboni yake yote ndani. Mradi ukakwama. Hapo kilichowashinda ni namba. Ukianza kuchomekea mambo ya ufilisi na fidia kwenye kiwango cha kiufundi mkaguzi atapima nini?

---

Kijana wa Mlandizi

Hesabu_Kwanza namba hazijawahi kuwatetea watu mkuu, zimetetea kaboni, na pale Dakatcha kaboni na watu bahati nzuri walikua upande mmoja. Angalia hiyohiyo sheria ya Ulaya ya 2009, masharti ya lazima ni gesi joto na aina ya ardhi, mambo ya haki za ardhi na bei ya chakula waliyaweka kwenye kuripoti tu, Tume yao iandike ripoti kila miaka miwili. Watu kibao walitoa maoni kuhusu ardhi wakati ule, mwisho wa siku maoni yao yakawa ripoti na maoni ya wenye vikokotoo yakawa sharti. Alafu Julai 2011 Ulaya wakatambua mifumo saba ya vyeti kwa mpigo, kampuni inachagua inayoitaka. RSB ina kanuni ya ardhi ndio, lakini mwenye haraka zake anaenda dirisha lenye masharti mepesi, nani amzuie?

---

Wakili wa Vumbi

Nimeona hapa watu mnazungumzia kurudisha ardhi kama vile ni jambo la kuandika kwenye kiwango likaisha. Ngoja niweke sheria mezani.

Tanzania ardhi ni ya makundi matatu, ya kijiji, ya hifadhi na ya jumla. Mwekezaji wa nje hawezi kupewa ardhi ya kijiji. Kwahiyo lazima kwanza ihamishwe iwe ya jumla, kifungu cha 4 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya 1999, Rais ndo anahamisha. Kama ni hekta 250 kushuka chini mkutano mkuu wa kijiji una neno la mwisho, ikizidi hapo mkutano unatoa mapendekezo na uamuzi uko kwa waziri. Ikishahamishwa ilikua inapitia Kituo cha Uwekezaji (tangu 2025 kimeunganishwa kwenye mamlaka mpya, TISEZA) ndo anapewa mwekezaji.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Safari hiyo ni ya kwenda tu. Kampuni ikifilisika ile hati ni mali kama mali nyingine, msimamizi wa ufilisi anatafuta mnunuzi. Hairudi kijijini yenyewe, sheria haijaweka njia hiyo. Kisarawe mradi ulipata mmiliki mwingine, kijiji kikabaki kinasoma habari kama msomaji mwingine yeyote. Kwahiyo mzee wa namba anaposema fidia na ufilisi sio mambo ya kiwango, ajue pia sheria ya nchi haijayashika. Yanaangukia katikati.

Alafu kuna utata mwingine watu hawaujui. Sheria ya Ardhi namba 4 ya 1999, ile dada yake, inapotafsiri ardhi ya jumla inasema ni pamoja na ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Nani anaamua haitumiki? Hapo ndo pa kuchimba.

---

Mfugaji wa Handeni

@Wakili wa Vumbi hapo umenigusa. Kila anaekuja na ramani ananionyesha sehemu imeandikwa ardhi tupu, alafu ndo hapohapo ng'ombe wanakula kiangazi, mwezi wa tisa wa kumi ukija hapo utakuta maboma, ukija masika hakuna mtu kwahiyo anapiga picha masika anaandika hakuna mtu. Kiwango chenu kinajua kiangazi?

---

Hesabu_Kwanza

Mfugaji swali zuri, na nikupe jibu ambalo halitakufurahisha. Kwenye ile sheria ya Ulaya ya 2009 kulikua na zawadi kabisa kwa kulima ardhi iliyochakaa, gramu 29 za hewa ukaa kwa kila megajuli, unapunguziwa kwenye hesabu. Nia ilikua nzuri, ukilima palipokufa ufugaji na kilimo vingine hujamsumbua mtu. Ila ni kweli kwamba macho ya satelaiti hayajui nani anachunga hapo mwezi wa tisa. Hilo nalikubali liingie kwenye maoni: ardhi isiitwe chakavu au tupu mpaka iangaliwe misimu yote na watumiaji wa msimu waulizwe. Hiyo inapimika.

---

Kathonzweni254

Wasee mambo. Mimi ni wa Makueni na mnaongea hii story kama ni ya zamani, huku ni ya leo. Eni ya Italia ilifungua kiwanda ya kukamua hapa Makueni Julai 2022, Oktoba mwaka huo mafuta ya kwanza ikaenda Gela kule kwao. Hii sasa si ile ya kunyang'anya mtu shamba, hapana, hapa wewe unabaki na shamba yako unapanda mbarika (hiyo nyonyo yenu), wanakununulia. Kwa karatasi ni poa sana kuliko hiyo ya Kisarawe.

Lakini niwaambie vile ilienda kwangu. Kuna broka flani, simtaji, alikuja na mbegu na kijana wa simu akapima shamba na GPS, nikasaini fomu nikiwa nimesimama hapo kwa boma. Baadaye ndio nikajua hiyo fomu ni ya kusema mimi ni mkulima endelevu, sikukata msitu, sitoi watoto shule. Sawa, ni ukweli, sikukata msitu. Lakini kwa hiyo fomu hakuna mahali imeandikwa yeye atakuja kununua lini na kwa bei gani. Mvua ikakosa, mbarika ikatoa kidogo, ile kidogo ikakaa kwa gunia ikingoja lori. Mimi niko endelevu kwa karatasi na mfuko iko tupu.

So kama mnaandika maoni, upande wetu kampuni ikipotea shamba inabaki, ni kweli, lakini msimu imeenda, na ile nusu eka ingekuwa na pojo na mbaazi.

---

NyamaYaFoili

"Endelevu kwa karatasi" nimeiba hiyo mzee

---

MjumbeKamati

Nimekaa kwenye kamati za viwango (sio hii ya mafuta, mambo ya vyakula) nataka niwasaidie kitu cha vitendo kwasababu naona hasira nzuri humu lakini hasira haiingii kwenye jedwali.

Rasimu ya kiwango ikifunguliwa, iwe ya TBS au KEBS (mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya), kwa kawaida muda wa maoni ni siku 60, utaratibu wa shirika la biashara la dunia unataka usipungue hapo. Hautumi barua ya malalamiko. Unajaza jedwali: kifungu namba ngapi, maoni ni ya jumla, ya kiufundi au ya kihariri, sababu yako, na safu muhimu kuliko zote ni maneno unayopendekeza yawekwe. Safu ya mwisho ni ya kamati, wanaandika imekubaliwa, imekataliwa, na kwanini. Ukiacha safu ya maneno mapendekezwa wazi, wewe wanaandika "imezingatiwa" wanapita. Nimeliona hilo neno likizika maoni ya maana kabisa.

La pili kuhusu hiyo fomu ya Kathonzweni. Kwenye mfumo kama ISCC, ambao ni wa Kijerumani na ndo unatumika sana, mkulima anajitangaza mwenyewe kwa fomu, alafu mkaguzi anachagua sampuli. Kianzio cha sampuli ni kipeuo cha pili cha idadi ya mashamba, wanazidisha kidogo kama eneo lina hatari. Yani kampuni ikiwa na wakulima 10,000, hesabu inaanzia 100. Hao 100 ndo wanawasemea wengine wote. Siwalaumu, huwezi kutembelea wote, ila mjue uwezekano wa mkaguzi kufika kwako ni mdogo, kwahiyo kama fomu haina swali kuhusu malipo basi hakuna atakayeliuliza kamwe.

La tatu, kuna ISO 13065 ya 2015, ya shirika la viwango la kimataifa, vigezo vya uendelevu vya nishati ya mimea. Yenyewe inakwambia upime nini, haikuwekei kikomo. Na kuna vile viashiria 24 vya ushirikiano wa dunia wa nishati mimea vya 2011, vinane mazingira, vinane jamii, vinane uchumi, hivyo ni vya serikali kupimia nchi yake. Msipeleke maoni ya fidia huko mtapoteza mda. Pelekeni kwenye mifumo inayotoa vyeti, na kwenye wizara zetu.

---

BintiKilwa

Jamani ndugu zangu naomba na mimi niseme la kwetu maana Kilwa imetajwa kwa BioShape tu kama vile hatuna jingine.

Mwaka huohuo 2009 ambao watu wanahangaika na mibono, Kilwa hiihii vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha FSC cha usimamizi wa msitu, wa kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na jamii yenyewe. Mpingo, ule wa kutengenezea zumari na filimbi za Wazungu. Sasa tofauti ni nini bwana wee? Kiwango ni kiwango, vyote vina kanuni, vina wakaguzi wanaotoka mbali na daftari. Tofauti ni kwamba pale aliyekua na msitu ni kijiji, umeandikwa msitu wa hifadhi wa ardhi ya kijiji, kamati ya maliasili ya kijiji ndo inahojiwa na mkaguzi, gogo likiuzwa hela inaingia mfuko wa kijiji. Mkaguzi akisema mmekosea hapa, wanaoambiwa ni wao, na wanaorekebisha ni wao. Kuna shirika la kuhifadhi mpingo lilisaidia sana kubeba gharama za cheti, hilo siwezi kulificha, kijiji peke yake kisingeweza.

Kwenye mibono kijiji kilikua nini? Mdau. Unaitwa mkutanoni, unasaini mahudhurio, unakula wali unarudi. Na mimi hizo karatasi za mahudhurio naziogopa sana, nimeona sehemu (sio BioShape, mambo mengine ya karibuni) majina ya waliokuja kusikiliza yameambatanishwa na muhtasari kana kwamba ni ya waliokubali.

Kwahiyo mimi maoni yangu sio kifungu cha kufa kwa kampuni tu. Waandike kwamba pale ardhi ilipo ya kijiji, cheti kiwe na kijiji ndani yake kama mwenye cheti, au angalau ripoti ya ukaguzi isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji kwa Kiswahili kabla cheti hakijatoka.

---

Wakili wa Vumbi

BintiKilwa hapo kwenye mahudhurio umenena. Mahakamani muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji ndo kila kitu, na mihtasari mingi niliyoipitia haisemi waliopinga ni wangapi. Weka hilo: idadi ya waliokubali, waliokataa, na maswali yaliyoulizwa. RSB wao ridhaa huru, ya awali na yenye taarifa kamili wameiandika ndani ya kanuni ya 2, lakini ushahidi wake mkaguzi anaukuta kwenye hiyo mihtasari yetu.

---

Mbongo wa Umeå

Niko Sweden kaskazini huku, nataka kuongezea kitu kuhusu SEKAB ambacho wengi nyumbani hawajui. Ile kampuni ilikua ya manispaa! Umeå, Skellefteå, Örnsköldsvik, miji hiyo ndo ilikua na hisa kwa kiasi kikubwa. Maana yake mlipa kodi wa huku, babu anayesukuma theluji na koleo, alikua na kipande cha mpango wa kulima miwa Rufiji. Magazeti yalipoanza kuandika, watu wakauliza madiwani wao, pesa zetu zinafanya nini Tanzania, kuna hatari gani, mazingira yamepimwaje. Madiwani wakaingiwa na baridi, kampuni ikajitoa.

Sasa watu wanasema ule ulikua ushindi wa sauti ya umma. Ulikua umma wa wapi? Mimi nafanya kazi na wazee wa huku, mmoja aliwahi kuniambia wao walikua wanaogopa hasara ya manispaa tu. Rufiji walioahidiwa kazi na walioogopa kupoteza mashamba, wote wawili, habari ya kuondoka waliisikia mwishoni. Ndo maana namuelewa mwanzisha uzi. Aliye karibu na diwani anasikika ndani ya wiki, aliye karibu na shamba anajaza fomu.

---

Hesabu_Kwanza

Ila ndugu zangu tuwe wakweli, kuna upande hamuugusi. Mnataka kampuni ibebe fidia hata ikifa, isome ripoti kijijini, iangalie misimu yote, iandike itanunua mavuno lini na kwa bei gani. Kila sharti lina gharama, na gharama hiyo mwisho wake inamfukuza mdogo sio mkubwa. Arusha kulikua na Diligent, Waholanzi pia, wao hawakuchukua shamba la mtu, walinunua mbegu za mibono kwa wakulima wadogo waliopanda kwenye uzio na mipakani, mfano ambao kila mtu aliusifu. Nao walifunga. Hamna mtu aliwaonea, mibono tu haikutoa mbegu kama ilivyotangazwa, ile habari ya kwamba inazaa vizuri kwenye ardhi kavu bila maji ilikua chumvi. Inaishi kwenye ukame ndio, kuzaa ni habari nyingine.

Sasa sharti la kwanza ningeandika mimi ni hilo: usisajili wakulima kwa zao ambalo halijajaribiwa eneo hilo, kwa misimu kadhaa, na matokeo yawekwe wazi. Hapo Kathonzweni angejua kabla ya kutoa nusu eka yake.

---

Kathonzweni254

Hesabu hiyo nakubali mia kwa mia. Wangenionyesha shamba ya majaribio ya hapa Makueni yenyewe, si picha ya India.

---

Mfugaji wa Handeni

Na ziandikwe aina zote za watumiaji, wachimba dawa, warina asali, wakata kuni. Sio wafugaji tu msije mkasema Mmasai kajiwekea kifungu chake

---

Kijana wa Mlandizi

Nimekusanya. Nimejaribu kuyaweka kama MjumbeKamati alivyosema, maneno mapendekezwa, sio malalamiko. Kosoeni.

Kwenye haki za ardhi: "Mwombaji wa cheti aonyeshe makubaliano ya maandishi na kijiji, yaliyosomwa kwenye mkutano mkuu kwa lugha ya wanakijiji, yanayosema ardhi iliyotoka kijijini itarejeshwa kwa matumizi ya kijiji endapo shughuli zitasimama kwa miaka miwili mfululizo, na dhamana ya fedha iwekwe benki kwa ajili ya fidia iliyobaki na kurudisha uoto."

Kwenye ushauriano: "Muhtasari uonyeshe waliokubali, waliokataa na maswali yaliyoulizwa. Orodha ya mahudhurio isihesabiwe kama ridhaa."

Kwenye ardhi chakavu: "Ardhi isihesabiwe kuwa chakavu au haitumiki bila uchunguzi wa misimu yote ya mwaka na mahojiano na watumiaji wa msimu."

Kwenye wakulima wa mkataba: "Fomu ya mkulima ionyeshe mnunuzi, muda wa kununua na namna bei inavyopangwa, na mkulima abaki na nakala. Zao lisisambazwe bila matokeo ya majaribio ya eneo husika."

La kijiji kuwa mwenye cheti sijapata maneno yake mazuri, BintiKilwa nisaidie.

Na wizara yetu wasijifiche nyuma ya Uswisi. Kikosi kazi cha nishati mimea kiliundwa 2006, mwongozo ukatoka Novemba 2010. Miaka minne mashamba yanagawiwa mwongozo ukiwa rasimu.

---

Wakili wa Vumbi

Hiyo ya kurejesha ardhi itakukwama. Kampuni haiwezi kuahidi kurudisha kitu ambacho kisheria ni cha Rais kukihamisha. Andika hivi: mwombaji atumie mikataba isiyohamisha ardhi ya kijiji, na pale iliyokwisha hamishwa, akubali kwa maandishi kuisalimisha hati na kutopinga ardhi kurudishwa kijijini. Kusalimisha anaweza, hiyo iko ndani ya uwezo wake. Na miaka miwili ni michache, mibono yenyewe inachukua zaidi ya hapo kuzaa vizuri. Weka mitatu.

---

BintiKilwa

Mitatu mingi wakili. Miaka mitatu watoto wa mtu wamekula nini? Miwili, na ihesabiwe kuanzia mishahara iliposimama, sio kuanzia barua ya kufilisika, maana hiyo barua huwa inachelewa.

La cheti nitaandika usiku nikitulia.

---

Hesabu_Kwanza

Mishahara kusimama kama kianzio... hiyo inapimika kwa kweli. Naipenda.

---

MjumbeKamati

Safi. Sasa nani anaipeleka Kiingereza? Mkiituma kwa Kiswahili kwenye sekretarieti ya Ulaya itakaa kwenye barua pepe ya mtu. Ila hifadhini na ya Kiswahili ileile, TBS na wizarani tuwapelekee hiyo.

---

Mbongo wa Umeå

Nachukua ya ardhi na ya ushauriano. Kathonzweni chukua ya mkataba wewe ndo unaijua. Ya ardhi chakavu bado haina mtu, na iko na mambo ya gramu na megajuli, Hesabu_Kwanza usijifiche.